Jibu: Nikirusha jabu nanyakuliwa miguu

Salaam ndugu yangu. Kumbe kwenye mazoezi ya MMA (mchezo wa ngumi, mateke na mieleka), kila ukirusha jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, mwenzio anazama chini na kukunyakua miguu akuangushe. Kwanza kagua mguu wa mbele. Nyinyi mnaofanyia mazoezi ufukweni hapo Malindi mna bahati: piga jabu kadhaa kwenye mchanga mbichi, kisha tazama nyayo. Ya mbele ikichimba zaidi, uzito umeutupa huko, na mguu huo hautaruka nyuma kwa wakati.

Rusha fupi, rudisha mkono shavuni haraka, toka pembeni. Jabu usiiache kabisa! Georges St-Pierre, mpiganaji wa MMA hodari wa kuangusha watu, alimvunja mpinzani wake Josh Koscheck mfupa unaozunguka jicho kwa jabu Desemba 2010. Nawe mtishie miguu kwanza, akiinamisha mikono ndipo umpe jabu.

Mwenzio ni wa mkono wa kushoto? Nijulishe, maana hapo mambo hubadilika.