Kasi ya uchumi si faida ya hisa: usihamishe hiyo akiba bado

Simama kwanza. Umeandika kwamba IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, inakadiria nchi zinazoibukia kiuchumi zitakua kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka na nchi tajiri kwa chini ya 2, kwa hiyo mfuko wa hisa za nchi hizo utakulipa mara mbili ya mfuko wa nchi tajiri kwa miaka 20 ijayo. Halafu ukauliza ugawe vipi akiba, na kuzeeka kwa watu duniani kutaleta nini. Hesabu imeharibika kabla hatujafika huko. Kosa hilihili nililipia kwa akiba yangu, na inaniuma kuona mtu mwingine analifuata.

Pato la taifa ni la nchi nzima. Wewe unanunua hisa, na kati ya hivyo viwili pesa inavuja. Mvujo mkubwa ni hisa mpya. Chukua benki yenye faida ya milioni 100 na hisa milioni 10: kila hisa ina faida ya 10. Uchumi unachangamka, benki inataka mtaji ikopeshe zaidi, inauza hisa nyingine milioni 10. Miaka kumi baadaye faida imefika milioni 200. Magazeti yanaandika kwamba faida imeongezeka maradufu, na ni kweli kabisa. Gawa kwa hisa milioni 20: ni 10 ileile. Nchi imekua, benki imekua, mwenye hisa wa zamani yuko palepale, na hapo mfumuko wa bei bado haujaigusa hiyo 10.

Tazama China. Kati ya 1992 na 2023 pato lake kwa dola liliongezeka zaidi ya mara 30. Fahirisi ya MSCI China, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni za China, ilianza na 100 mwishoni mwa 1992. Mwishoni mwa 2023, bila kuhesabu gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa), ilikuwa chini ya 100. Miaka 31! Viwanda vilijengwa, reli zikatandazwa, mamilioni wakatoka kwenye umaskini. Lakini kampuni zilikuwa zikimimina hisa mpya sokoni mwaka hadi mwaka. Agricultural Bank of China peke yake ilikusanya takriban dola bilioni 22 mwaka 2010. Na sehemu kubwa ya ukuaji ilitoka kwenye kampuni zisizouzwa kwenye soko lolote la hisa.

Ninaowalaumu ni wauzaji wa mifuko. Ukurasa wa kwanza wa kipeperushi wanaweka mchoro wa pato la taifa unaopanda, na faida kwa kila hisa hawaiweki popote. Wanaijua. Ada yao inakatwa kwenye fedha zako soko lipande lishuke, hivyo hawana haraka ya kukueleza.

Mvujo wa pili ni sarafu. Uturuki mwaka 2021 ilikua kwa zaidi ya asilimia 11, kasi ambayo nchi nyingi zingeitamani. Lira ilianza mwaka ikiwa karibu 7.4 kwa dola, ikaumaliza karibu na 13. Aliyehesabu faida yake kwa dola alipoteza karibu nusu kwenye ubadilishaji tu.

Kwa hiyo asilimia ya ukuaji wa pato la taifa isiingie kwenye hesabu yako ya faida, hata kama kianzio. Chukua faida kwa kila hisa ya fahirisi ambayo mfuko huo unaifuata, kwa miaka 10 iliyopita. Igeuze kuwa dola kwa kiwango cha ubadilishaji cha kila mwaka, si cha leo. Ongeza gawio, toa ada. Ada usiidharau: asilimia 1.5 kwa mwaka inameza karibu robo ya fedha zote ambazo ungekuwa nazo baada ya miaka 20. Kisha angalia bei unayolipa. Ukinunua kwa mara 24 ya faida ya mwaka, na siku unapouza soko linalipa mara 12 tu, faida kwa kila hisa itabidi iwe imeongezeka maradufu ndipo urudishe mtaji wako.

Kama kipeperushi ulichopewa hakina safu ya faida kwa kila hisa, waandikie waitume, mwaka kwa mwaka, kwa dola. Mpaka uipate, hiyo fedha iache ilipo.