Akiba hii huoza: kwa wewe unayeanza kusimamia hifadhidata za akiba

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika kazi yetu inaoza, tena inaoza kimya kimya huku taa ya dashibodi ikiwaka kijani. Kila kijana ninayempokea kazini namwambia hivyo siku ya kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe sikuambiwa na nikalazimika kujifunza usiku wa manane.

Kwanza uelewe kiumbe unachokilea. Hifadhidata yoyote ya maana haibadilishi faili zake za data kwenye diski kabla ya kuandika mabadiliko hayo kwenye logi, yaani daftari la kila kilichobadilika. Kwenye programu ya hifadhidata ya Oracle logi hiyo huitwa redo, kwenye PostgreSQL huitwa WAL na kwa kawaida hukatwa vipande vya MB 16, na MySQL hutumia binlogi kulisha seva za pembeni. Hifadhidata ya akiba, inayokaa tayari kushika nafasi ya ile kuu ikianguka, huanza kama nakala kamili yake, kisha huishi kwa kumeza logi inayotoka kwa mkubwa wake, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio uleule. Haiwezi kuruka. Kikipotea kipande kimoja, inasimama hapo hapo na kusubiri, hata mwezi mzima, na haipigi kelele.

Yangu ilisubiri siku tisa.

Nenosiri la mtumiaji wa kusafirisha logi lilibadilishwa kwa utaratibu wa kawaida wa usalama. Muunganisho uliokuwepo haukukatika, hivyo hakuna aliyegundua. Wiki kadhaa baadaye mtandao uliyumba kidogo, seva ya akiba ikajaribu kuunganisha upya na ikakataliwa. Ikaendelea kujaribu na kukataliwa, huku seva kuu ikifuta vipande vya zamani vya WAL kama ilivyopangiwa. Ndipo diski za seva kuu zikafa, saa nane usiku. Nikaipandisha ya akiba kuwa kuu, ikapanda bila kinyongo. Nikafungua jedwali la malipo na kulipanga kwa tarehe. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa siku tisa nyuma. Nikapanga tena nikidhani nimekosea. Mstari ulikuwa uleule.

Kilichotuokoa ni nakala rudufu (backup) na logi zilizohifadhiwa mahali pengine. Kuzirudisha kulichukua saa kumi na nne, na watu waliotegemea mfumo ule walikaa saa hizo zote bila huduma. Bado naona aibu nikiikumbuka asubuhi ile.

Sasa sikiliza kwa nini taa ilikuwa ya kijani, maana mtego huu bado upo na utakunasa usipoangalia. Ukaguzi wetu uliiuliza seva ya akiba maswali mawili: umepokea logi hadi wapi, na umeitumia hadi wapi? Kwenye PostgreSQL ni `pg_last_wal_receive_lsn()` na `pg_last_wal_replay_lsn()`. Tofauti ikiwa sifuri, tulisema haijachelewa. Lakini seva isiyopokea chochote imeshatumia kila ilichopokea! Tofauti ni sifuri siku ya kwanza na ni sifuri siku ya tisa. Usimuulize mgonjwa peke yake kama ni mzima. Linganisha na mahali ilipofika seva kuu yenyewe.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni rahisi mno. Kwenye seva kuu tengeneza jedwali lenye mstari mmoja, na kila sekunde kumi programu ndogo iandike humo saa ya sasa. Kisha usome mstari huo kwenye seva ya akiba. Ukisoma saa ya dakika tatu zilizopita, umechelewa dakika tatu, iwe tatizo ni mtandao, nenosiri, diski iliyojaa au kitu ambacho hujawahi kukisikia. Kengele ilie ukipita kiwango mlichokubaliana, na ilie pia ikishindwa kusoma kabisa.

Kiwango mlichokubaliana na nani? Na wenye kazi, si mafundi wenzako. Kuna maswali mawili ambayo vitabu huyafupisha RPO na RTO: tuko radhi kupoteza data ya muda gani, na tuko radhi kukaa bila huduma muda gani? Ukiwauliza hivi hivi watajibu sifuri na sifuri. Waonyeshe gharama ya kila jibu, kisha uwaulize tena.

Gharama ya sifuri ya kwanza ni ya kimaumbile. Ili usipoteze hata muamala mmoja, seva kuu isithibitishe muamala mpaka ile ya akiba ijibu kwamba imeupata. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo cha pili kikiwa kilomita 1,000 mbali, ni milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi hata kama vifaa havichelewi chochote. Maana yake muunganisho mmoja unaofanya muamala mmoja mmoja hautavuka miamala 100 kwa sekunde, ununue seva ya bei yoyote. Ndiyo maana wengi huweka akiba mbili: moja ya karibu inayosubiriwa, ambayo huokoa seva au jengo likianguka, na nyingine ya mbali inayofuata nyuma kidogo, kwa siku ya moto au mafuriko. Mimi napendelea mpangilio huo. Ukiwa na moja tu, na imekaa chumba kimoja na kuu, ikila umeme uleule, umejikinga na kufa kwa seva tu.

Ukiamua kusubiri jibu, jua pia kitakachotokea seva ya akiba ikizimika. Oracle Data Guard, chombo cha Oracle cha kusimamia akiba, ina hali tatu za ulinzi. Kwenye ile kali kabisa, hifadhidata kuu hujizima kuliko kukubali muamala ambao hauna nakala. Kwenye ya kati, huendelea bila kusubiri mpaka mwenzake arudi. Kwenye ya tatu haisubiri kabisa. PostgreSQL nayo, ukiitajia seva moja tu ya kusubiriwa na seva hiyo ikafa, kila anayeandika atakwama, na skrini haitaonyesha kosa lolote. Tangu toleo la 10 unaweza kuiambia isubiri jibu la yeyote mmoja kati ya wawili. Tumia hilo.

Akiba inaweza pia kumuua mkubwa wake kwa njia nyingine. Ukiagiza seva kuu isifute logi mpaka ya akiba iipate, halafu ya akiba ikapotea wikendi nzima, logi hurundikana mpaka diski ya kuu inajaa na kazi yote inasimama. Weka kikomo: PostgreSQL 13 na kuendelea ina `max_slot_wal_keep_size` kwa ajili hiyo. Ni heri kuijenga upya seva ya akiba kuliko kuzimisha ile kuu.

Kubadilisha ukuu kuna sura mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni kubadilishana zamu: zote mbili ni nzima, kuu inafunga milango, inatuma logi ya mwisho, ya akiba inapanda, iliyokuwa kuu inashuka na kuwa akiba. Hakipotei kitu. Ya pili ni ya dharura: kuu imeanguka au haijibu, unapandisha ya akiba na kukubali kilichopotea. Hatari kubwa ya hii ya pili ni kwamba kutojibu si sawa na kufa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuu ikifufuka na kuendelea kupokea maandishi huku mpya nayo inapokea, una historia mbili, na hakuna amri itakayoziunganisha kwa niaba yako.

Hili limewahi kuwakuta watu hodari. Tarehe 21 Oktoba 2018, mawasiliano ya GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, mashariki mwa Marekani yalikatika kwa sekunde 43 wakati wa kubadilisha kifaa cha mtandao. Mfumo wao wa kupandisha akiba ukahamishia ukuu wa MySQL pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo magharibi hawakuwa nayo, na magharibi nako kulikuwa kumeshaandikwa kwa karibu dakika 40. Waliamua kulinda data kwanza, na huduma yao ikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 zilizaa siku nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kupandisha, hakikisha aliyekuwa mkuu hawezi kuandika tena. Zima umeme wake, ng'oa mtandao wake, fanya lolote lililo hakika. Ukitaka mashine iamue yenyewe, weka msimamizi mahali pa tatu, nje ya vituo vyote viwili, kusudi awepo wa kuvunja sare. Na andaa njia ya kumrudisha aliyeshuka kabla ya siku yenyewe: kwenye Oracle, Flashback Database, inayorudisha hifadhidata nyuma, iwe imewashwa tayari, na kwenye PostgreSQL, `pg_rewind`, ya kumlinganisha aliyeshuka na mkuu mpya, huhitaji namba za kuhakiki kurasa za data (checksums) au `wal_log_hints` viwe vimewashwa mapema. Usiku wa dharura hutaviwasha vikufae.

Yapo ambayo hayapiti kwenye logi kabisa, na haya ndiyo huwaumiza wageni. Jedwali la PostgreSQL lililoundwa kama `UNLOGGED` litakuwa tupu ukipandisha akiba. Kwenye Oracle, data iliyopakiwa kwa `NOLOGGING` itafika upande wa pili ikiwa vipande visivyosomeka, ndiyo maana hifadhidata yenye akiba huwashiwa `FORCE LOGGING`. Nje ya hifadhidata orodha ni ndefu zaidi: kazi zilizopangwa kwa saa, faili zilizopakiwa na watumiaji, vyeti vya usalama, mipangilio ya idadi ya miunganisho, milango ya mtandao ambayo haikuwahi kufunguliwa kwa seva ile.

Na tafadhali, akiba si nakala rudufu. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, amri yake hufika upande wa pili ndani ya sekunde moja, na seva ya akiba huitekeleza kwa utiifu wote. Unaweza kuchelewesha seva moja makusudi, tuseme saa nne, kwa `recovery_min_apply_delay`, ili upate muda wa kukimbilia. Nakala rudufu bado unazihitaji, na uwe umewahi kuzirudisha.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma nyingine ya kuhifadhi msimbo, alikuwa akijaribu kuijenga upya seva ya pili iliyoachwa nyuma, kwa kuwa logi iliyoihitaji ilishafutwa kwenye seva kuu. Alifuta folda ya data akiamini yuko kwenye ya pili, kumbe yuko kwenye kuu. Aliposimamisha amri, kati ya GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Nakala za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski (snapshot, nakala ya diski nzima ya wakati mmoja) iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla. Nawaheshimu kwa kusimulia yote hadharani. Tangu nilipoisoma, dirisha langu la seva kuu lina mandhari nyekundu na jina la seva kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila mstari, na amri ya kufuta huwa naisoma kwa sauti kabla ya kuibonyeza, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Njia ya kuzuia uozo ninayoijua ni moja tu: kuitumia. Mchezaji wa akiba asiyewahi kuingizwa uwanjani humjui, hata kama amevaa jezi msimu mzima. Kila miezi mitatu tunabadilishana zamu mchana, watu wote wakiwepo, kisha tunabaki upande huo. Hatukai saa moja na kukimbilia nyumbani, tunakaa mpaka zamu inayofuata. Amri ziwe zimeandikwa neno kwa neno, na azitekeleze mtu ambaye hakuziandika. Jina la mwenye mamlaka ya kusema "pandisha" liwe limeandikwa juu ya karatasi, pamoja na la anayemfuata akiwa hapatikani, maana nimeona muda mwingi zaidi ukipotea kwa kumtafuta wa kuamua kuliko kwa kazi yenyewe.

Mara ya kwanza tulipojaribu, hifadhidata ilibadilisha ukuu chini ya dakika moja, nikashangilia. Programu zilichukua dakika arobaini. Mbili zilikuwa zimeandikiwa anwani ya namba ya seva ya zamani ndani ya msimbo, moja ilikuwa imekariri anwani ya jina la seva na haikutaka kuuliza upya, na nyingine ilikataliwa mlangoni. Tukarekebisha, tukabaki upande ule. Siku ya tisa, ya mwisho wa mwezi, mhasibu akapiga simu kuuliza ripoti yake iko wapi. Kazi ya kuitengeneza ilikuwa imepangwa kwenye seva ya zamani peke yake, na katika sisi wote hakuna aliyejua kwamba ipo.