Jibu: Bwawa la perege kuwa kijani baada ya mvua

Habari mkuu. Unasema bwawa lako huko Uporoto, milimani Mbeya, linageuka kijani kila mvua za Novemba zikishaanza, na mbolea hujaongeza. Kwanza kaangalie matuta ya viazi upande wa juu. Kama yanashuka na mteremko, basi hiyo ndiyo mifereji inayokuletea mbolea ya shambani bwawani. DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosfeti, fosfeti yake inashikana na udongo, inakuja na tope. Yurea inayeyuka, inaweza kuja hata maji yakiwa meupe. Mto ukijaa mbolea nyingi inapitiliza, ila maji yakitulia na jua likawaka, mwani unashamiri kwa mbolea iliyobaki, ndio huo ukijani. Geuza matuta yakinge mteremko, panda majani ya tembo ukingoni, na wingu likifunga usimwage yurea, utakuwa unamlimia jirani wa bondeni. Alfajiri ukikuta samaki wanahema juujuu, hewa imepungua majini, ingiza maji mapya haraka.