Kuoa, kuolewa au kuoana?

Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam, anauliza: "Nimesoma riwaya ya Kiingereza ya mapenzi ya wanawake wawili wa Cape Town, nahodha wa mashua na mshonaji, ambao mwishoni wanafunga ndoa. Imenigusa sana, nikaandika maoni yangu kwa Kiswahili ili niwasomee wenzangu wa kikundi cha vitabu. Nilipofika 'nahodha alimwoa mshonaji', mmoja akanikatiza: mwanamke haoi, huolewa. Niandikeje?"

Mwenzako hakukosea. Kwa mazoea yetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na baba humwoza binti yake. Kwa hiyo ukiandika "alimwoa", msikilizaji ameshamfanya nahodha kuwa mume, kabla hujamweleza lolote. Je, riwaya imemfanya hivyo? Katika maoni uliyonitumia umeandika: "Walivishana pete, kila mmoja akasoma kiapo chake." Basi jibu unalo mwenyewe. Umesema walivishana, endelea na walioana. Kiambishi -an- kinawafanya wote wawili kuwa watendaji, na hakuna anayebaki akitendwa. Wala si Kiswahili cha kubuni, kwani kila siku tunasema Asha na Juma wameoana, na hata kitenge na blauzi tunasema rangi zake zimeoana. Ukitaka mmoja atangulie, andika "nahodha alifunga ndoa na mshonaji".

Asikutishe mtu kwa hoja ya sheria. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, lakini Afrika Kusini iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006, na kisa chako kiko huko. Unasimulia kilichotokea kitabuni.

Siku ukiandika juu ya wanaume wawili, kuwa mwangalifu zaidi na "kuolewa". Mitaani kwetu "jamaa kaolewa" ni kejeli kwa mwanamume aliyehamia kwa mwanamke anayelipa kodi ya nyumba. Kejeli hiyo itaingia kwenye sentensi yako ya mapenzi hata kama hukuikusudia.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Umeandika "mashoga hawa wawili". Tafadhali libadili. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa kike wa kuambiana siri: "Shoga yangu, njoo nikwambie!" Akiitwa hivyo mwanamume, ni tusi. Wenzako watasikia ama marafiki ama matusi, na wewe hukukusudia lolote kati ya hayo. Andika "wapenzi". Kwamba ni wanawake umeshalisema katika aya ya kwanza, na halihitaji kurudiwa kila ukurasa.

Ile sentensi yako, "nilifurahi kwamba hakuna aliyekufa", usiiguse. Hadithi nyingi za wapenzi wa namna hii zimeishia makaburini, na anayezijua ataelewa mara moja kwa nini ulifurahi.