Wakili hataki kuandika risiti

Swali: Dada wakili, mume ameniacha na watoto watatu hapa Arua, sasa anatafuta mteja wa kiwanja tunachoishi. Wakili niliyempata wa kunishughulikia talaka anataka laki tano mkononi, risiti hatoi. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata shilingi, mdogo wangu. Mwambie akuonyeshe leseni yake ya uwakili ya mwaka huu, na malipo myaandike, mtie sahihi wote wawili. Huna pesa? FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake tangu 1974, husaidia kina mama wasiojiweza.

Ila kiwanja ndicho kinachoninyima raha. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamkataza mumeo kuuza makao yenu bila idhini yako. Beba cheti cha ndoa, wahi ofisi ya ardhi uweke pingamizi, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Talaka ifuate baadaye.