Tapu kukatikia ndani ya tundu: angalia biti kwanza

Mkuu uliyeuliza kwa nini tapu zako za milimita 10, yaani vile vyuma vya kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu, zinakatika, na ukasema unatoboa na biti ya 8, tatizo ni hiyo 8. Bolti ya 10 ya kawaida pichi yake, yaani umbali toka uzi mmoja hadi mwingine, ni 1.5, toa 1.5 kwenye 10 inabaki 8.5, hiyo ndo biti yako. Bolti ya 6 toboa 5, ya 8 toboa 6.8, ya 12 toboa 10.2. Tundu likibana tapu inalazimika kula chuma kingi, na tapu ni ngumu ila haipindi, inakatika kama kioo.

Mi yalinikuta hapa Mtwara, ililetwa mashine ya kusaga toka Newala, nyuzi za skrubu ya kubana puli zimeisha kabisa. Biti ya 8.5 hatukuwa nayo nikatumia ya 8, nikaongeza nguvu mkononi, ikalia tak. Siku nzima nagonga kile kipande na panchi kitoke vipande vipande, maana biti haishiki, tapu ngumu kama biti yenyewe, na mwenye mashine kakaa pale mlangoni na watu wanampigia simu wanataka unga. Iliniuma sana aisee.

Sasa hivi sina haraka. Tapu huja tatu kwa seti, naanza na ile iliyochongoka, mizunguko miwili naweka skwea kuona imesimama wima, halafu nusu mzunguko mbele robo nyuma, ukirudisha utasikia mkononi chenga inakatika, ukikosa hiyo usiendelee. Tundu lisilopenya toa tapu kila mara usafishe, chenga zinajaa chini na hapo ndo nyingi zinavunjikia, malizia na ile butu ya tatu. Chuma cha kawaida weka oili, cha kumimina kata kikavu maana kinatoa unga tu, aluminiamu weka mafuta ya taa. Hizi bloa za kupulizia salfa kwenye mikorosho ukifufua nyuzi za plagi, nyingi ni za milimita 14 pichi 1.25, aluminiamu ni laini, tapu ikiingia upande umeua silinda hedi ya mtu katikati ya msimu.

Na kabla hujatoboa chukua bolti yenyewe uilaze na tapu nyuzi kwa nyuzi, zikae bila mwanga kupita, maana kuna 10 yenye pichi 1.25 na hiyo biti yake ni 8.8.