Nyama ya ngiri: friza ya wiki moja haitoshi

Ndugu, umeuliza kama nyama ya ngiri iliyokaa friza wiki moja inaweza kubanikwa na kuliwa ikiwa bado nyekundu ndani. Tafadhali usiile hivyo.

Hatari kubwa ni trikinela, minyoo midogo inayojificha ndani ya msuli wenyewe. Huioni kwa macho, na nyama huonekana safi kabisa. Kwa nguruwe wa kufugwa, kanuni ni nyuzi -15 za Selsiasi kwa siku 20, vipande visizidi unene wa sentimita 15. Friza ya nyumbani ambayo umeme unakatika kila mara haifikii hapo. Tena zipo aina za trikinela zinazohimili baridi: mwaka 2022 huko Marekani watu 6 waliugua kwa nyama ya dubu iliyogandishwa siku 45. Wawili kati yao walikula mboga tu zilizopikwa pamoja nayo!

Kinachoua minyoo hii ni moto. Ingiza kipimajoto katikati ya sehemu nene, mbali na mfupa, kisome angalau nyuzi 74. Kama huna, kata vipande vidogo, chemsha hadi vilainike kabisa, ndipo ubanike. Chumvi, moshi na kukausha usivitegemee. Kisu, ubao na mashine ya kusagia vioshwe kwa maji moto na sabuni.

Aliyekwisha kula akiharisha, kisha baada ya wiki kadhaa apate homa, maumivu ya misuli na kuvimba kope, awahi hospitali na aseme wazi alikula nyamapori. Albendazoli, dawa ya minyoo, hufanya kazi vizuri zaidi mapema.